Pembe za Vugo na Asumini ya Tumbaku

Kuna watu huniambia, wakishakunywa kahawa yangu, kwamba nimshukuru yule binti. Wasema bila ya yeye nisingekuwa na ulimi huu, wala nisingeweza kusimama mbele ya mwenye duka nikamshusha bei mpaka akajuta kufungua mlango. Mimi huwauliza: mtu akikumwagia maji ya moto, ukajua kukimbia, utampelekea halwa? Huomba kahawa nyengine.

Simshukuru. Ulimi nilikuja nao kutoka Pate, kwa mama, aliyekuwa akiuza tumbaku yake kwa wafanyabiashara wa Amu, mji wa Lamu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao akicheka. Na kuhesabu mara mbili nilikuja nako pia. Yule binti hakunipa kitu. Alinichukulia, na nilichokipata baadaye nilikidai kwa mkono wangu. Tofauti hiyo wengi hawaioni, na wanaponiambia eti kuonewa kumenikomaza, hasira hunipanda upya kama kwamba ni jana.

Ilikuwa miaka ya sitini. Bendera mpya pale ofisini kwa mkuu wa wilaya ilikuwa bado haijapauka. Baba alikuwa amekufa kwa homa, na mama akaona ni bora niende Amu kwa shangazi, dada yake baba, ambaye binti yake alikuwa amechumbiwa, na nyumba ilihitaji mikono. Tulitembea na mama kutoka Pate mpaka bandari ya Mtangawanda, mimi nimejitwika bunda la majani ya tumbaku, zawadi ya shangazi. Ndani ya mashua nililifanya mto nikalala. Tulipotia nanga Amu, leso yangu na tumbaku ile vilikuwa vimeshakuwa ndugu. Nilizifua leso zangu kwa sabuni, nikazifukiza udi, nikazianika juani. Harufu ikaondoka. Lakini watu walikuwa wameshanusa, na pua ya mtaa haisahau.

Kazi niliyopewa ni asumini. Shangazi alikuwa na mwasumini mkubwa uani, na majirani nao walikuwa na yao. Baada ya alasiri nilichuma maua yakiwa bado vifungo, nikayatunga kwa uzi, mengine nikayafunga vikuba pamoja na majani ya rehani, vile vishada vidogo ambavyo mwanamke huvibandika kifuani. Kisha nilipita mlango kwa mlango kabla ya magharibi. Nilikuwa mdogo, bado sijavalishwa buibui, kwa hiyo vichochoro vya Amu vilikuwa wazi kwangu kama vilivyo wazi kwa punda.

Wateja wa shangazi walikuwa na mtindo mmoja: ukiwapa uzi wa maua thelathini, husema ni ishirini na nane. Mimi nikaanza kuwahesabia mlangoni, mbele ya macho yao, mara mbili, na kila ua kichwa changu kilishuka na kupanda. Sikujua kama kichwa chafanya hivyo. Mtu hajioni anapohesabu. Nilichojua ni kwamba malalamiko yalikwisha, na shangazi akaanza kunisifu kwa wageni.

Aliyekiona kichwa changu ni binti mmoja wa rika langu, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni kwao, namhesabia mama yake. Mama aliingia ndani kutafuta senti, binti akabaki kizingitini ananitazama. Kisha akamwita mwenziwe aliyekuwa barazani aje aone.

"Ndoo! Ndoo uone! Kuna kuku ahesabu."

"Kuku wa wapi?"

"Wa Pate. Nusa."

Yule mwenziwe akaleta pua yake mpaka begani pangu, akanusa kwa sauti, akarudi nyuma ameshika koo. "Ya Allah! Tumbaku! Mume wa mtu atalala apiga chafya!"

Walicheka mpaka wakashikana. Na mimi, nisikufiche, nilicheka nao kidogo. Nilidhani ndivyo Waamu wanavyokaribisha wageni.

Kesho yake walinipigia mlio wa kuku nilipopita. Kesho kutwa walikuwa wanne. Baada ya hapo wakawa na mchezo kamili: mmoja huziba kichochoro mbele, mmoja nyuma, na vichochoro vyetu unavijua, ukinyoosha mikono wagusa nyumba mbili. Katikati yule binti hunirushia punje za mchele miguuni, "kuu, kuu, kuu," kama aitavyo kuku. "Donoa basi. Donoa mara mbili, usije ukapunjwa." Nikitaka kupita, kikapu kinapigwa kwa chini. Asumini ikimwagika juu ya mavi ya punda hakuna wa kuinunua hata ukiifukiza udi wa mwaka mzima. Wakishamwaga, hukanyaga. Hawakukanyaga kwa hasira. Walikanyaga taratibu, wakizungumza mambo mengine, kama mtu apondaye dawa.

Nilimwambia shangazi. Alikuwa anashona, hakuinua macho.

"Watoto hao. Wacheza."

"Wameimwaga asumini yote, shangazi."

"Basi pita upande mwengine."

"Ni yule binti wa Mwenye Pembe."

Hapo sindano ikasimama. Shangazi akaenda kufunga mlango wa uani, akarudi, akaketi karibu yangu. Nikafikiri: sasa atavaa buibui aende kwao. Akaninong'oneza: "Na usilitaje jina hilo tena kwa ubaya ndani ya nyumba hii. Wasikia?"

Nieleze. Harusi za kwetu wakati ule hazikuwa harusi bila ya vugo. Wanawake hushika pembe za ng'ombe, wakazigonga kwa vijiti, wakaimba, na sauti ile kavu ndiyo iliyotangaza kwamba nyumba fulani ina furaha. Katika mtaa wetu pembe nzuri, zilizolainika kwa mikono ya miaka mingi, zilikuwa za mwanamke mmoja tu, mama yake yule binti. Yeye ndiye aliyeziazimisha na yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Watu wote walimwita Mwenye Pembe, hata mumewe. Na binti ya shangazi yangu alikuwa aolewe baada ya mfungo.

"Tukimuudhi," shangazi akasema, "harusi ya mwanangu ipigwe nini? Makopo?"

Hayo ndiyo yaliyonichoma, na yanichoma mpaka leo ninapoandika. Mimi ni mtu wa biashara. Najua kitu kikiuzwa. Siku ile nilikuwa mimi ndiye niliyeuzwa, kwa pembe za ng'ombe, na sikuulizwa bei. Hata ng'ombe mwenye pembe zile pengine alipata kulia kidogo kabla ya kuchinjwa. Mimi niliambiwa nisubiri. Nikaja kujua kwamba mtaa mzima ulikuwa umeambiwa usubiri. Kila nyumba ilikuwa na binti wa kuoza, na kila mama alipousikia mlio wa kuku kichochoroni alifunga dirisha. Niliyasikia madirisha yakifungwa. Lilianza moja, likafuata jengine. Walikuwa watu wazima, wenye swala zao na tasbihi zao.

Basi nikajibadilisha mimi. Nikaanza kupita ufuoni wakati maji yametoka, nikizunguka kwenye tope ili nisipite ndia ya kati, njia ile ya mtaani waliyoiziba. Maua yakafika kwa wateja yamechelewa, yameshafunguka, hayana bei. Lakini lililo baya zaidi halikuwa hilo. Nilijikuta mlangoni kwa mteja, uzi mkononi, nimekikaza kichwa kama mtu aliyeteguka shingo, nahesabu kwa macho tu. Mara moja. Nikaogopa kurudia, kichwa kisije kikashuka. Nikapunjwa, na nikawapunja watu bila kukusudia, na malalamiko yakarudi. Shangazi akaniuliza, "Una nini wewe siku hizi? Hesabu yako imelala?" Haikulala. Ilichukuliwa. Yule binti alinichukulia hesabu ya pili, na mtu asiyehesabu mara ya pili hana analoliamini tena, hata vidole vyake.

Kilichokuwa mbele yangu, basi, kilikuwa kitu kimoja tu. Ama nitaweza kuipita ndia ya kati na kikapu changu, kichwa kikienda kinavyotaka, ama nitarudi Mtangawanda na mashua ya kwanza nikamwambie mama nimeshindwa na watoto wa watu. Usiku nilipanga maneno ya kumwambia. Sikuyapata.

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye hakuwa wa mtaa wetu. Ni mke wa mwalimu kutoka bara, Mkristo, mgeni wa Amu kuliko mimi. Alinunua asumini akaitia ndani ya gilasi ya maji, mezani, jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu, lakini alilipa bila kubishana kwa hiyo sikumrekebisha. Siku moja nilimfikia na kikapu nusu, maua mengine yana alama za visigino.

"Nani amefanya hivi?"

"Wamecheza tu," nikasema. Maneno ya shangazi yalikuwa yameshaingia kinywani mwangu.

"Kucheza gani huku? Wewe mbona hukuwagonga?"

"Haifai, Bi."

"Haifai? Hii ndiyo inafaa?" Akakishika kikapu akanionyesha, kama kwamba mimi sikukiona. Kisha akavua kiatu. Kiatu cha ngozi, chenye kisigino. Akakishika mkononi, akasimama mlangoni na mguu mmoja mtupu. "Twende. Nionyeshe ni mlango gani."

Nilimsihi mpaka nikalia. Nilimwambia kuna harusi, kuna pembe, kuna shangazi. Hakuelewa hata neno moja kuhusu pembe. Akakivaa kiatu chake akinung'unika kwa lugha ya kwao. Mimi nilitoka pale nikiwa mtu mwengine kidogo. Katika mji ule wote, wenye jamaa zangu na watu wa dini yangu, aliyekasirika kwa ajili yangu ni mmoja, naye hakuujua hata mchezo wenyewe. Ndipo nilipotambua kwamba hasira yangu haikuwa tabia mbaya. Ilikuwa sawa. Nilikuwa nimeificha kama kitu cha wizi, kumbe ni mali yangu halali.

Harusi ikafika. Siku ya vugo ilipangwa baada ya alasiri, uani kwa shangazi. Nilikuwa nimetunga asumini tangu mchana mpaka vidole vikawa vyeupe, na kila mwanamke aliyeingia alipewa kikuba mlangoni, kwa sababu ni karamu. Yule binti aliingia na wenziwe. Alichukua kikuba, akakibandika kifuani, kisha akachukua uzi mwengine akautia kwenye nywele bila kuniomba. Mwenye Pembe alikuja nyuma yake, kikapu cha pembe kimebebwa mbele yake kama maiti ya mtu mkubwa.

Nyimbo za mwanzo zilikuwa za kawaida, za kumsifu bibi harusi na kumtania bwana. Bibi harusi mwenyewe alikuwa chumbani nyuma ya pazia, mikono na miguu ina hina mbichi, haruhusiwi kutoka wala kusema. Kisha nikamwona yule binti amejipenyeza mpaka kwa mama yake, anamnong'oneza sikioni. Mama akacheka. Akagonga pembe yake mara tatu kuwatuliza watu, akaanza:

*Asumini ya tumbaku, mwenye pua hainusi,*
*Mwenye kuuza ni kuku, achakura penye fusi.*

Wanawake wakaipokea. Pembe zote zikalia. Wengine hawakujua imhusu nani, lakini waliojua walikuwa wengi, na macho yao yalikuja kwangu, mlangoni, nilipokuwa nimeshika kikapu. Shangazi alikuwa anaitikia. Nilimwona. Midomo yake ilikuwa inaitikia, macho yake yananiambia nisubiri.

Sasa, kuna desturi ambayo kila mwanamke aliyekuwa uani pale aliijua kama ajuavyo ndia ya kisimani. Katika nyimbo zetu, beti haina mwenyewe mpaka itunzwe. Ukitoka mbele ukamtunza mwimbaji, kwa senti, kwa leso, kwa chochote cha thamani, beti imekuwa yako, na yule utakayemwelekea ndiye unayemwimbia. Mwimbaji lazima airudie. Asiporudia amekula kitu cha mtu na ameivunjia heshima ngoma. Mwenye Pembe alikuwa akijisifu mitaa yote kwamba tangu azaliwe hajapata kukataa tunzo. Na katika kumfurahisha mwanawe alisahau jambo moja: beti aliyoianzisha ilikuwa bado haijatunzwa na mtu.

Mimi sikusahau. Beti ile ilikuwa imewekwa barazani bila bei, na mimi ni mnunuzi.

Nikatoka mbele. Nikachagua ndani ya kikapu koja kubwa kuliko yote, lile nililolitunga kwa ajili ya mlango wa bibi harusi, nikamvika Mwenye Pembe shingoni. Watu wakapiga vigelegele kwa mazoea. Yeye akatabasamu, akadhani nimekubali kutaniwa, akaanza kurudia beti. Nikageuka, nikaenda mpaka mbele ya mwanawe, nikasimama.

Kichwa nikakiachia.

Kikashuka, kikapanda. Nikamhesabia maua yaliyokuwa nywelini mwake, kwa kidole, moja moja, kichwa kikidonoa kila ua, sawasawa na mlio wa pembe za mama yake. Nikafika mwisho. Nikaanza upya. Nikainama, nikanusa kikuba chake kifuani, nikashika koo na kurudi nyuma kama alivyofanya mwenziwe siku ile ya kwanza. "Mwenye pua hainusi," akaimba mama yake, na mwanawe alikuwa ameivaa asumini yenyewe kichwani na kifuani.

Kisha ua ule ulilipuka. Nasikia watu wakisimulia vicheko. Mimi sikupata kusikia kicheko kama kile, cha wanawake waliofunga madirisha kwa miezi. Kuna mmoja alipiga mapaja yake mpaka leso ikamfunguka. "Hesabu, mwanangu! Hesabu!" Mwengine: "Usimpunje!" Walikuwa wamempata wa kuthubutu kwa niaba yao, na hilo pia lilinikasirisha, ingawa nililitumia.

Nikatoa kikuba kikapuni, nikamtunza Mwenye Pembe mara ya pili. Akaimba. Sauti yake ilikuwa imeshakauka, lakini akaimba, kumwimbia mwanawe. Yule binti alijaribu kucheka, uso ukakataa. Nikamtunza mara ya tatu.

Mara ya tatu hakuimba. Akakitazama kikuba mkononi mwangu, akakiacha kining'inie hewani. Akasema, "Basi." Akaanza kukusanya pembe kutoka mikononi mwa watu, moja baada ya moja, na kuzitupa kikapuni kwake. Kumi na nne. Nilizihesabu alipokuwa akizitupa. Nilizihesabu mara mbili, na mara ya pili shavu langu lilikuwa linawaka, kwa sababu shangazi alikuwa ameshanifikia.

"Umeniharibia harusi ya mwanangu," akasema, na kofi la pili likaja.

Mwenye Pembe akatoka na pembe zake na mwanawe. Wanawake wakabaki wameshika vijiti visivyo na cha kugonga. Ndipo pazia la chumbani likatikisika. Ukatoka mkono, hina mbichi mpaka kwenye kiwiko, vidole vimetanuka visiguse kitu, na chini yake, likisukumwa kwa mguu, likatoka sinia la shaba. Likateleza sakafuni likilia. Halafu jengine. Bibi harusi hakusema neno, kwa sababu haruhusiwi, lakini masinia yalisema. Mwanamke mmoja akainama, akaligonga kwa kijiti chake. Sauti ilikuwa kubwa, ya kihuni, na watu wakaipenda.

Asubuhi shangazi aliniamsha kabla jua halijatoka vizuri. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Zimebaki siku mbili za harusi. Enda ukamuombe radhi."

Nilikwenda. Lakini nilikwenda na kikapu.

Mwenye Pembe alifungua mlango mwenyewe. "Umekuya kuniomba radhi?"

"Nimekuya kuuza asumini, Bi."

"Huna haya wewe."

"Ninayo, Bi. Yeo nimeiwata nyumbani." Na siku hiyo nilikuwa nimeiacha kweli.

Akanitazama. Alikuwa muuzaji naye, kwa namna yake, na muuzaji humjua mwenziwe. "Shangazi yako ataka pembe," akasema.

Hapo ndipo mtu wa haraka hupoteza mali. Nikatazama uzi wangu wa maua. "Hajanambia hivyo. Asema masinia yanatosha. Watu wa mtaa wa pili wamekuya kuuliza yametoka wapi." Hayo ya masinia na ya mtaa wa pili niliyaongeza. Bei ya kwanza haiapiwi.

"Na watu wasemaje?"

"Wasema Mwenye Pembe amekataa tunzo."

"Nani asema hivyo?"

"Ni wengi, Bi. Na mimi huhesabu mara mbili."

Nyuma yake, ndani gizani, niliona mtu amesimama anasikiliza, na nikajua ni nani kwa jinsi alivyojizuia kupumua.

"Wataka nini?" akauliza Mwenye Pembe.

"Pembe zirudi yeo, kabla ya alasiri. Azitukue binti yako. Kwa ndia ya kati."

"Mwanangu si hamali wa mtu!"

"Wala mimi si kuku wa mtu, Bi."

"Nitamtuma mtumishi."

"Basi masinia yanatosha." Nikampa mkono wa kuaga, nikageuka. Mtu anayeondoka kwenye biashara ni lazima aondoke kweli. Akiondoka kwa kusikiliza, mgongo wake humsaliti. Mimi niliondoka kweli. Nilikuwa nimeshapita baraza yao, nawaza nitakachomwambia shangazi, nikasikia:

"Ndoo! We mwana wa tumbaku, ndoo!"

Nikarudi, lakini sikuharakisha.

Adhuhuri ilipopita nilikwenda kumchukua. Yule binti alitoka na kikapu cha pembe kichwani, macho chini. Nikatangulia. Tulipita ndia ya kati, pale palipokuwa pakizibwa, na wale wenziwe walikuwa barazani. Hakuna aliyelia kama kuku. Nilisikia "ko" moja ndogo nyuma ya mlango wa mtu, ikakatwa. Sikujua nimekusudiwa mimi au yeye. Sikugeuka.

Njiani akasema kwa sauti ya chini, "Tulikuwa twacheza tu."

"Nani alishinda?" nikamuuliza.

Mlangoni kwetu shangazi alikuja mbio, uso umefunguka, akapiga vigelegele. Akanishika bega, lile bega lililonuswa, akasema kwa furaha, "Si unaona? Lilikuwa jambo dogo tu." Na hakupata kunambia neno jengine juu ya jambo lile mpaka alipokwenda kwa Mola wake. Nilimpenda, nikamzika, na neno lile sijamsamehe.

Nilimwambia yule binti aweke kikapu chini. Nikapiga magoti, nikazitoa pembe moja moja, nikazipanga kizingitini, kichwa kikishuka na kupanda kinavyotaka, hadharani, mchana mweupe. Nikafika mwisho. Nikaanza upya.

"Imepungua moja," nikasema.

"Umehesabu vibaya."

"Ndiyo maana huhesabu mara mbili. Rudi kaitafute."

Shangazi akasema, "Wachia, mwanangu, moja tu..." Sikumtazama. Yule binti alisimama, akanitazama mimi, akautazama mlango, akautazama urefu wa ndia ya kati mpaka kwao. Kisha akaenda, peke yake, mbele ya baraza zote. Aliporudi na pembe ile moja mkononi, nilikuwa palepale kizingitini. Nikaipokea, nikaiweka pamoja na zile nyengine, nikaanza kuzihesabu tangu mwanzo.